Njoo Deyr Ikianza

Mimi kadi za kliniki sizipendi. Tangu nianze kazi kwenye kliniki ya saratani nimeziona zikirudi zimelowa maziwa, zimechanwa kufungia tumbaku, na moja ilirudi imeshonewa ngozi na kuvaliwa shingoni, mwenyewe akiwa amechelewa miezi miwili. Mfugaji hana kalenda ukutani kwa sababu hana ukuta. Ukimwandikia tarehe ishirini Oktoba umejiandikia mwenyewe, ili mkubwa wako akiuliza useme uliandika.

Salah aliandika. Salah ni muuguzi mwenzangu, mzee wa Mandera aliyebakiza miaka mitatu astaafu. Kila mgonjwa alimwandikia tarehe kwa wino mwekundu, akaipigia mstari, kisha akaisoma kwa sauti mara mbili. Nilimcheka waziwazi. Nilimwambia, "Adeer," kama tunavyomwita baba mdogo, "mbuzi wa huyu mama wataijua tarehe kabla yake, maana ndio watakaoila hiyo kadi." Ni mtu wa kufunika kalamu yake na kuita mgonjwa anayefuata.

Mimi nilikuwa na njia yangu. Nimezaliwa Bute, baba yangu alikuwa na ngamia, na najua watu wetu wanavyouhesabu mwaka. Gu ni mvua ya Aprili, ile inayokaa. Deyr ni ile fupi, inaanguka katikati ya Oktoba. Kuhama, kuoza binti, kumwachisha mtoto ziwa, yote hupangwa hapo. Kwa hiyo wagonjwa wangu niliwaambia kwa mvua, na walirudi. Walirudi vizuri kuliko wa kadi za Salah, na nilihakikisha anajua.

Labda niseme pia kwamba sikuwa na mengi mengine ya kujivunia. Naishi peke yangu kwenye chumba kimoja Bulla Iftin, hapa Garissa. Mume tuliachana kabla hatujapata mtoto. Majirani wananisalimia vizuri, lakini kikombe nilichonywea chai kwa Fatumo, mama wa chumba cha pili, nilikikuta kesho yake jalalani, kizima, hakina hata ufa. Wanaamini ugonjwa ule unafuata nguo za muuguzi. Nimewaeleza mpaka nimechoka, nao wananiitikia kwa adabu. Siku hizi chai nakunywa kwangu.

Ugbad alikuja mara ya kwanza mwisho wa Agosti, kutoka Fafi, mbali ndani kupita Bura. Mjane wa miaka hamsini na kitu, mrefu, mkavu, mwenye macho ya kuangalia mbali. Alikuwa na uvimbe kwenye titi la kushoto, saizi ya kokwa ya tende. Tulichukua kipande kikapelekwa Kenya, kama tunavyosema huku tukiitaja Nairobi, na majibu yakarudi: ni saratani, lakini ni ndogo, haijafika kwapani. Daktari wa upasuaji, mtu wa Meru anayekuja kwetu mara moja kwa mwezi, alimpima katikati ya Septemba akaniambia nje ya pazia, "Huyu ni wa kupona. Orodha ya Septemba imejaa, nitamkata tarehe ishirini Oktoba. Wiki tano hazina neno. Zisizidi tu hapo."

Wa kupona. Katika kazi yetu neno hilo husikii kila siku, kwa sababu wengi wetu tunafika hospitali tukiwa tumeshamaliza masheikh wote na moto wote wa kuchomwa kienyeji. Huyu alikuja mapema. Tena aliniita hooyo, kama mama anavyomwita binti yake. Ni kawaida, kila mwanamke mtu mzima humwita hivyo mdogo wake. Lakini mama yangu amekufa, na katika mji huu wote hakukuwa na mtu mwingine wa kuniita hivyo. Nilisikia raha hata nikaona aibu.

Siku ya kuondoka alisimama mlangoni na kadi ya Salah mkononi, ameishika juu chini. Mifugo alikuwa amemwachia binti yake Sahro na alitaka kuwahi. "Hooyo, nirudi lini hasa?"

Salah alifungua mdomo kusoma tarehe. Nikamkatiza.

"Habaryar, achana na karatasi," nilimwambia, maana nami nilikuwa nimeshamfanya mama yangu mdogo. "Deyr ikianza, mvua ya kwanza ikilowesha ardhi, siku hiyohiyo funga safari. Daktari wa kukata utamkuta hapa."

"Na nikija kabla?"

"Ukija kabla utakuta mlango umefungwa, utarudi bure. Kaa na wanyama wako mpaka mvua."

Alicheka, akaikunja kadi akaiweka kifuani. "Sasa umesema maneno ya mtu," akasema. Nilimtazama Salah makusudi. Alikuwa anafunika kalamu yake.

Tarehe ishirini Oktoba ilifika na jua lake. Daktari alikuja, akangoja mpaka saa tano, kisha akamkata mgonjwa mwingine. Nilipiga simu ya Sahro. Mteja hapatikani. Nilipiga kesho yake na wiki nzima iliyofuata, sauti ikawa ni ileile ya yule mwanamke wa kwenye simu. Hasira zikanipanda. Nilimwambia Salah hawa watu ndivyo walivyo, unawapa uhai mkononi wanaenda kuutupa porini. Mgonjwa asipoonekana kwa wiki sita tunamwandika kwenye rejista neno moja, "amepotea", na mwanzo wa Desemba nililiandika kwa mkono wangu mwenyewe mbele ya jina la Ugbad, nikakandamiza kalamu.

Wala sikuunganisha mambo. Watu wananiuliza nilikosaje kuunganisha. Ukame niliuona. Tana ilikuwa imerudi nyuma hata punda wanavuka bila kulowa matumbo. Vumbi liliingia wodini, friji ya dawa ikawa inazimika kila umeme ukikatika, na joto lilituangushia wagonjwa wa kemo mmoja baada ya mwingine. Kila asubuhi nililalamika kwamba mvua imekataa. Lakini niliona ni jambo la watu wote, sikuona kwamba ni jambo langu.

Aliyenifumbua macho ni kaka yangu Nunow, naye hakuwa na habari. Alinipigia kutoka Bute siku moja katikati ya Desemba, wakati wa chakula cha mchana. Kila mwaka tunazungumza mambo yaleyale, nani mgonjwa, nani amezaa. Nikamuuliza harusi ya binti yake Ifrah imekuwaje, mbona kimya.

"Si tulisema Deyr," akajibu. "Bado tunangoja Deyr."

Alisema kwa utulivu kabisa. Kwake haikuwa ajabu: siku iliyopangwa haikufika, basi haijafika. Nilikata simu bila kuaga. Niliuacha ugali mezani. Ugbad hakuwa amepotea. Alikuwa ameketi mahali fulani anaangalia mbingu, kwa sababu nilimwambia aziangalie.

Niliomba ruhusa ya siku moja, nikasema nina msiba. Gari la mizigo lilinichukua alfajiri mpaka Bura. Kandokando ya barabara ng'ombe walikuwa wamelala upande mmoja, ngozi juu ya mifupa, na hawakunuka tena. Nyumba za kina Ugbad nilielekezwa ziko umbali wa saa mbili kwa mguu, lakini mwenye duka la Bura alinizuia nisijisumbue. Ni mzee mmoja anaitwa Korane, mtu anayepokea na kupeleka maneno ya watu wote wa upande ule.

"Walihama Novemba," akasema. "Wameelekea Ijara kutafuta majani, huko hakuna simu. Lakini watu wanakuja kuchukua unga. Toa maneno yako, yatafika."

"Mwambie Ugbad wa marehemu Jama kwamba muuguzi anasema asingoje mvua. Aje sasa hivi. Ikiwezekana kesho."

Korane aliacha kupima sukari. "Angoje mvua? Nani alimwambia mgonjwa angoje mvua?"

Dukani walikuwepo wanaume wanne, na wote walinigeukia. Nilikuwa nimevaa sare yangu nyeupe, sijui kwa nini niliivaa safarini. Nikasema, "Alielewa vibaya."

"Kumbe," akasema Korane. "Basi nitamwambia alielewa vibaya."

Nilirudi Garissa jioni hiyohiyo. Nilijiambia nimefanya kinachowezekana. Salah aliniuliza msiba ulikuwa wa nani, nikamwambia wa jamaa wa mbali. Kwenye rejista neno langu lilibaki palepale, na sikumwambia mtu. Januari ikapita, Februari ikapita. Kila mlango wa kliniki ukisukumwa nilinyanyua kichwa. Sijui kama mtu ambaye hajawahi kukaa na jambo la namna hii anaweza kuelewa. Unakula nalo, unaswali nalo, unamhudumia mgonjwa mwingine vizuri kabisa naye anakuombea dua, na wewe unaona haya kuitikia amina.

Mvua ilinyesha usiku wa tarehe sita Aprili. Ilikuwa Gu, tena ya kupiga kweli. Tarehe nane, saa tatu asubuhi, Ugbad alisukuma mlango.

Viatu vilikuwa mkononi, miguu imejaa tope mpaka magotini. Alikuwa amekonda, shuka la kichwani limefifia rangi, lakini alikuwa anatabasamu kama mtu aliyeshika miadi yake barabara.

"Hooyo, nimekuja," akasema. "Deyr haikutokea mwaka huu. Nikasema mvua ya kwanza ni mvua ya kwanza. Ilipiga usiku, asubuhi nikaanza kutembea mpaka nikapata lori."

Nilimkalisha nikamwosha miguu. Si kazi ya muuguzi, lakini sikuwa tayari kumwangalia usoni. Nikiwa nimeinama nikamuuliza kama Korane hakumpa maneno yangu.

"Maneno yalinifika. Mara mbili. Wakasema muuguzi anataka nije sasa, eti nilielewa vibaya." Alitingisha kichwa. "Kiangazi kile hooyo kila mtu alileta lake. Mara lori la maji liko njiani, mara mahindi yanagawiwa Bura. Tulitembea siku mbili tukakuta hewa. Lakini lile la kwako nililijua palepale kuwa la uongo. Mimi nilielewa vizuri. Uliniambia kwa kinywa chako, mvua, na kabla ya mvua mlango umefungwa. Wewe usingeweza kusema nilielewa vibaya."

Maji yalikuwa yamegeuka mekundu kwa tope. Niliendelea kuosha mguu uliokwisha kutakata.

Uvimbe haukuwa tena kokwa ya tende. Ulikuwa umepasua ngozi. Pembeni kulikuwa na makovu matatu ya moto, ndugu yake alimchoma Januari ili kumsaidia kungoja. Tulimpiga picha ya tumbo siku hiyohiyo, na ini lilikuwa na madoa. Daktari wa Meru alikuwa mjini wiki ile. Aliangalia picha kwa muda mrefu, kisha akafungua faili lake, akasoma, na nikaona amefika kwenye lile neno langu, lililonakiliwa humo kutoka kwenye rejista.

Tulikuwa watatu chumbani. Daktari hajui Kisomali. Ugbad anajua Kiswahili cha kuuzia mbuzi.

"Miezi saba," akasema daktari. Hakuwa mkali, alikuwa amechoka. "Huyu alikuwa wa kupona. Muulize kwa nini alichelewa."

Nilimuuliza. Ugbad alimgeukia daktari mwenyewe na kunyoosha mgongo. "Mimi habana chelewa, taktari. Mimi nakuja na mfua. Mfua nabiga, mimi nakuja."

Daktari alitikisa kichwa kwa huruma na kuchukua kalamu. "Mvua. Barabara ya Bura ilikatika tena, sivyo? Kila mwaka ni hivyohivyo." Akaanza kuandika huku akinitazama nimthibitishie.

Sikuhitaji hata kusema uongo. Ilitosha kunyamaza. Ningeitikia kwa kichwa tu, jambo lingeisha, na hakuna mtu chini ya mbingu hii ambaye angelitoa, kwa sababu Salah aliyenisikia mlangoni si mtu wa kusema, na Ugbad aliyejua hakuwa anajua kwamba anajua. Ugbad alikuwa ananiangalia kwa imani yote, akingoja nimweleze daktari kwamba yeye ni mtu wa kushika neno. Nilifikiria mshahara wangu. Nilimfikiria Salah na wino wake. Kisha nikafikiria kwamba nikinyamaza hapa, nitakuwa nimemwita mwongo mara ya pili.

"Hapana," nilisema. "Barabara haikukatika. Anasema hakuchelewa, na ni kweli hakuchelewa. Mimi ndiye niliyemwambia aje na mvua. Nilimwambia kabla ya mvua atakuta mlango umefungwa."

Kalamu ilisimama. Daktari akaligeuza faili akalisukuma upande wangu. "Andika wewe," akasema, akatoka kwenda kunawa mikono.

Niliandika: Mgonjwa alikuja siku aliyoambiwa. Nikaifuata rejista, nikakata lile neno langu. Baadaye niliandikiwa barua ya onyo na mkubwa wa wauguzi, nikaipokea na kutia sahihi. Hiyo ilikuwa sehemu rahisi.

Sehemu ngumu ilikuwa kumgeukia Ugbad na kumweleza yote kwa lugha yetu. Nilimweleza kwamba ugonjwa umefika kwenye ini, kwamba kukata sasa hakutaondoa kitu, kwamba kuna dawa za mshipa za kuupunguza na kumpa nafuu. Nikamwambia Oktoba tulikuwa tunamngoja. Nikamwambia kuhusu duka la Korane, na nani aliyesema alielewa vibaya.

Hakulia. Alipapasa ile kadi, ambayo kumbe alikuwa nayo muda wote, safi kabisa, imefungwa kwenye plastiki.

"Kwa hiyo Deyr ilipokosa, huu mlango ulikuwa wazi," akasema.

"Ulikuwa wazi."

"Kila siku?"

"Kila siku, isipokuwa Jumamosi na Jumapili."

"Na wewe ulikuwa ndani."

"Nilikuwa ndani."

Aliugeukia mlango, akautazama kama mtu anayepima. "Mimi nilikuwa naamka kabla ya alfajiri kuangalia mawingu," akasema. "Sahro akiniuliza naangalia nini, namwambia namwangalia daktari."

Nilimwomba msamaha. Alinipa haraka, kwa jina la Mwenyezi Mungu, kama tunavyopeana sisi Waislamu, na najua aliutoa kwa dhati, maana si mtu wa kuchezea jina hilo. Kisha akauliza atarudi lini. "Nirudi lini, sista?" ndivyo alivyouliza. Sista ni jina wanaloita muuguzi yeyote. Hakuniita tena hooyo, si siku ile wala baadaye, na sikuwa na haki ya kuuliza.

Nilimwambia ahesabu Ijumaa. Ijumaa hazikauki. Aje kila Ijumaa ya tatu, asubuhi, kabla ya sala.

"Na mvua ikinyesha?"

"Ijumaa ya tatu."

"Na isiponyesha?"

"Ijumaa ya tatu."

Salah alikuwa amesimama nyuma yangu. Alimwandikia tarehe kwenye kadi ileile, chini ya ile ya zamani, kwa wino mwekundu, akaisoma mara mbili. Nilingoja amalize, ndipo nikampa Ugbad kadi yake.

Alikuja Ijumaa zake zote, Mei yote, Juni, Julai. Alikuwa anafika kabla ya sisi kufungua, amekaa kwenye ngazi. Nilimtafutia mshipa, nikamsafisha kidonda, nikamletea maji ya kunawia na maji ya kunywa, naye alishukuru kila mara kwa adabu ileile ninayoijua kwa majirani. Nywele zilipokatika alinipa nizitupe. Septemba alikuja akishikiliwa na Sahro, amekuwa mwepesi kuliko mtoto. Nilimwambia tarehe iliyofuata ni kumi na sita Oktoba. Aliinua macho kuangalia mbingu kupitia mlangoni.

Deyr mwaka huu imekuja vizuri. Imekuja tarehe kumi na tano, katikati kabisa ya Oktoba, kama ilivyokuwa ikija nilipokuwa mdogo. Nunow alinipigia kwa furaha kunijulisha kwamba Ifrah anaolewa. Simu ya pili ya siku hiyo ilikuwa ya Korane. Ugbad alikuwa amezikwa Jumatano, siku moja kabla ya mvua.

Ijumaa nilifika kazini mapema kuliko kawaida. Mvua ilikuwa inamwagika, ngazi zote zimelowa, hakuna mtu. Nilifungua mlango, nikauegemezea jiwe usifungwe na upepo, nikaketi mezani na rejista mbele yangu. Maji yakaanza kuingia kidogokidogo, yakafika chini ya kiti cha mgonjwa. Salah alikuja saa mbili, akakunja mwavuli, akasema maji yanaingia ndani. Nikamwambia nayaona.